Bandari Mbili kwa Siku Moja

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya kuongoza watalii, Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu wa Mji wa Kale, mlioacha baraza zenu mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki, shikamooni. Vijana mliomaliza mafunzo, hongereni. Na walimu wao, ahsanteni kwa kunialika, ingawa mmeniweka baada ya chakula cha mchana na nyote mnajua usingizi wa saa nane hapa kwetu ulivyo mtamu.

Nimeambiwa nizungumzie ratiba ya siku moja. Mgeni ana siku moja tu Mombasa, utampeleka wapi? Najua kila mmoja wenu ana jibu lake tayari, na majibu yote yanafanana, kwa sababu nimeyasoma kwenye vipeperushi. Fort Jesus saa mbili. Mji wa Kale mbiombio. Zile pembe za ndovu za barabarani, teremka, piga picha, panda gari. Wachonga vinyago. Haller Park kulisha twiga. Hotelini. Mgeni huyo anarudi chumbani na simu imejaa picha, na usiku ukimuuliza Mombasa ni mji wa namna gani, atakwambia ni mji wa joto.

Ninalotaka kuwashawishi leo ni jambo moja. Mombasa ni kisiwa chenye bandari mbili, na sehemu kubwa ya historia yake ni namna maisha yalivyohama kutoka bandari moja kwenda nyingine. Mpitishe mgeni njia hiyo hiyo, kwa mpangilio huo huo, kuanzia asubuhi hadi jua kuchwa. Akikosa vituo vitatu vya kwenye kipeperushi, hajapoteza kitu. Mji ameuelewa.

Tazameni ramani. Kisiwa kimekaa kati ya mikono miwili ya bahari. Upande wa mashariki na kaskazini kuna Hori ya Tudor, na karibu na mdomo wake ndipo ilipo Bandari ya Kale, chini kabisa ya Mji wa Kale. Upande wa kusini na magharibi kuna mkondo wa Kilindini, unaoendelea ndani hadi Port Reitz. Ule wa kwanza ni upande wa majahazi. Chombo cha tanga hakidai kina kikubwa. Kinadai kinga ya mawimbi, na mahali pa kupwelea maji yakitoka, mabaharia wapate kukwangua ubavu wake na kuupaka deheni ya kuzuia maji. Ule wa pili ni upande wa meli za chuma, zinazotaka maji marefu na nafasi ya kugeuka.

Kwa mamia ya miaka mji ulitazama upande wa majahazi. Upepo wa kaskazi ulileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwishoni mwa mwaka, na upepo wa kusi ukavirudisha. Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza hapa mwaka 1896, na mwaka 1901 ilifika ziwani Kisumu. Reli ilitaka meli kubwa, na meli kubwa zilitaka Kilindini. Kufikia miaka ya 1920 gati za maji marefu zilikuwa zinajengwa kule, na biashara nzito ilikuwa imeshahama. Majahazi hayakukoma, hata leo mtayaona, lakini mji ulikuwa umeshageuza uso.

Basi siku yetu inaanza upande wa majahazi.

Saa mbili kamili muwe langoni mwa Fort Jesus. Nasisitiza saa mbili kwa sababu ya jua. Ule uwanja wa katikati hauna kivuli cha maana, na ikifika saa tano kuta za mawe zinarudisha joto usoni. Zile taarifa ambazo mgeni angeweza kuzisoma mwenyewe zisemeni nje ya lango, kwa dakika tatu, mzimalize: Wareno walianza kuijenga 1593 wakamaliza 1596, wakati Mfalme Philip II wa Hispania akiitawala na Ureno pia, aliyeichora ramani ya ngome alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, kwa kuwa wataalamu wa zama hizo waliamini vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo vipimo kamili, UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Hapo hapo waonyesheni ukuta unavyokua kutoka kwenye mwamba wa matumbawe wenyewe, hata huwezi kusema mwamba umeishia wapi na kazi ya fundi imeanzia wapi. Ingieni.

Langoni, simameni. Wengi wetu tunapita pale kama tunaokimbilia tikiti, na juu ya vichwa vyetu kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Mimi nikipewa kituo kimoja tu katika ngome nzima, nitachagua jiwe lile. Linataja mwaka 1635 na nahodha wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27. Anajisifu kwamba ameijenga upya ngome, amewatiisha watu wa pwani hii waliokuwa wameasi chini ya mfalme wao dhalimu, amewatoza kodi wafalme wa miji mingine, ameiadhibu Pate, ameiadhibu Pemba na kuwaua wakubwa wake. Msomeeni mgeni polepole, kisha mwacheni aulize swali ambalo mtu yeyote mwenye akili ataliuliza: huyo mfalme dhalimu ni nani?

Sasa mnayo hadithi. Huyo ni Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultan Hassan, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, India, akalelewa na mapadri, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala Mombasa akitarajiwa awe mtu wao. Mwaka 1631 aliingia ngome hii hii, akamuua nahodha wa Kireno, akarudi kwenye dini ya baba yake, na Wareno wa mjini wakauawa. Mwaka uliofuata akaondoka kwa chombo, akawa anawawinda baharini mpaka kufa kwake. Wareno waliporudi walikuta ngome imebomolewa sehemu, ndiyo maana kijana wa miaka 27 anajisifu kuijenga upya. Jiwe lile limeandikwa na aliyeshinda raundi ile. Yusuf hana jiwe lake. Ukimweleza mgeni hayo akiwa amesimama chini ya maandishi yenyewe, na shingo imeanza kumuuma kwa kutazama juu, atakumbuka kuliko tarehe kumi na tano.

Ndani, chagueni. Msijaribu kupita kila buruji na kila mzinga. Mimi huchagua bahari, kwa sababu ndiyo mada ya siku. Nendeni ukuta wa upande wa maji, muwaonyeshe pale mbele palipozama Santo António de Tanná. Waomani waliizingira ngome hii kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Mle ndani maradhi yaliua kuliko mizinga. Meli hiyo ya kivita ilitoka Goa kuleta msaada, na mwaka 1697 ikazama hapo chini ya ukuta. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliifukua, na baadhi ya vitu vyake vimo ndani ya makumbusho ya ngome, hatua chache kutoka mnaposimama. Mgeni anatazama kwanza maji, kisha anaingia kutazama kilichotoka kwenye maji. Mpangilio huo ukigeuzwa, vile vyungu vinakuwa vyungu tu.

Sasa nataka kusema jambo ambalo pengine litaudhi wachache humu. Lile pito lililochongwa kwenye mwamba kushuka kuelekea baharini. Nimewasikia baadhi yetu wakisimama pale, wakishusha sauti, na kusema maelfu ya watumwa walipitishwa hapa wakiwa na minyororo. Pito lile lilikuwa njia ya ngome kufika majini. Anayetaka kudai zaidi ya hapo alete ushahidi wake. Utumwa ulikuwepo pwani hii, ulikuwa mbaya, na hauhitaji kutiwa chumvi. Ukitaka kumwonyesha mgeni alama yake ya kweli, mvushe Nyali umfikishe Kengeleni, ilipo kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hapo pana ardhi iliyokaliwa na watu hao, na wajukuu wao bado wako nasi. Kwa nini tutunge pango, na kengele ipo kando ya barabara?

Na mtaje jela. Wageni hushtuka kujua kwamba Waingereza waliifanya ngome hii gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu yake mpaka mwaka wa Uhuru, 1963, kwa sababu ukanda wa pwani kwa mkataba ulikuwa bado wake. Mwambieni Mkenya kutoka bara jambo hilo muone anavyoshangaa.

Nikiwa hapo hapo, niseme kidogo kuhusu huyo Mkenya kutoka bara. Kuna vijana bado wanadhani mtalii ni lazima awe Mzungu. Tangu treni ya SGR, ile ya reli mpya kutoka Nairobi, ianze 2017, familia zinashuka kituo cha Miritini kila siku, watoto wamevaa miwani ya jua, baba amebeba begi la wote. Hawa ni wageni wenu. Wanaelewa Kiswahili, kwa hiyo mtapimwa zaidi, maana utani wenu wa Kiingereza cha kukariri hautawasaidia. Na wanauliza maswali makali. Mtoto wa darasa la sita atakuuliza kama Wareno walijenga wenyewe au waliwajengesha watu wa hapa. Uwe umesoma.

Kufikia saa nne tokeni ngomeni, mwingie Mji wa Kale kwa miguu. Hapa ndipo nawaomba muende polepole kuliko kote.

Fuateni Ndia Kuu. Waonyesheni milango, vibaraza, roshani za mbao zinazotokeza juu ya njia. Lakini mkumbuke nyuma ya kila mlango kuna watu wanakaanga vitunguu. Mji wa Kale si makumbusho. Bibi aliyekaa kizingitini na kanga yake hakuombwa ruhusa na wizara yoyote ya utalii awe sehemu ya ziara yako. Msalimie wewe kwanza, kwa jina kama unamjua, na mgeni atajifunza kwa kukutazama. Akitaka kupiga picha, aombe. Akikataliwa, ni kwaheri na shukrani, mnaendelea. Kikundi kiwe kidogo kiasi kwamba mkokoteni ukija mnaweza kubana ukutani wote kwa pamoja. Ukiwa na watu thelathini, wagawe, mtafute mwenzako.

Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida husemwa ulijengwa 1570, ni mahali pazuri pa kumkumbuka Ibn Battuta. Yeye alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331. Ndiyo, usiku mmoja, alikuwa mtalii wa siku moja kama hawa wenu. Na tazameni alichoondoka nacho: kwamba watu wa hapa walikula ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka nje; kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri; kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na visima, na kata ya mbao yenye mpini mrefu ya kutekea maji, watu wakaosha miguu kabla ya kuingia. Ni mambo machache, yametazamwa kwa jicho la karibu, na ndiyo maana tunayasoma hadi leo. Mgeni wako akiondoka na mambo matatu ya aina hiyo, umemaliza kazi.

Kisha teremkeni upande wa maji, Leven House na ngazi zake. Jina ni la meli ya Kiingereza, HMS Leven, ya Kapteni Owen. Mwaka 1824 ukoo wa Mazrui waliotawala Mombasa walitaka ulinzi dhidi ya Seyyid Said wa Oman, Owen akapandisha bendera ya Uingereza, na 1826 serikali yake ikaishusha kwa sababu haikumtuma kufanya hivyo. Mazrui wakaendelea kupambana wenyewe hadi 1837. Wageni wa Kiingereza wanaipenda sana hadithi hii, sijui kwa nini, labda kwa sababu kwa mara moja wao ndio waliotolewa mbio na wakubwa wao wenyewe. Mwaka 1844 akafika Krapf, mmishonari wa Kijerumani. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga ng'ambo, upande wa Nyali. Akabaki akikusanya maneno yetu mpaka yakawa kamusi, iliyochapishwa 1882.

Bandari ya Kale yenyewe ulizeni kwanza kabla ya kutoa kamera, walinzi wa pale hawana mzaha. Siku nyingine mtakuta jahazi lenye injini likipakuliwa, siku nyingine hamna kitu. Ikiwa hamna kitu, msiombe radhi. Huo utupu ni sehemu ya maelezo yenu: hapa ndipo palipokuwa mlango wa mji mzima, na leo mnaweza kusimama dakika kumi bila kusikia chochote isipokuwa maji na adhana. Mwambieni mgeni auweke ukimya huu akilini, atauhitaji saa kumi.

Kahawa. Hili halimo kwenye vipeperushi, na mimi siwezi kumtembeza mtu Mji wa Kale bila kumketisha penye kahawa. Muuzaji anamimina kutoka kwenye dele la shaba, mkaa chini yake bado mwekundu, kwenye kikombe kisicho na mkono, kidogo cha kukaa kati ya vidole viwili na kidole gumba. Chungu, yenye tangawizi. Mgeni ataminya uso. Mpeni kashata au kipande cha halua aume, anywe tena. Msimweleze kitu hapo. Wazee wanazungumza siasa, mpira, nani kaoa wapi. Mkiulizwa na wazee "Hawa watokapi?" tafsirini, na jibu la mgeni tafsirini pia. Hiyo robo saa ina thamani kuliko maduka yote ya Ndia Kuu. Wazee wangu, mkinisikia nawasifu, msipandishe bei.

Saa sita hadi saa tisa msitembee. Ni jua, ni sala ya adhuhuri, na ni tumbo. Pelekeni watu kwenye kivuli wale. Ijumaa mpangilio mzima wa asubuhi usogee mapema, msipite na watu wenye kaptura mbele ya misikiti wakati wa khutba. Hayo mnayajua, napita.

Mchana sasa ndio kuvuka kisiwa, na hapa ndipo ratiba yangu inapoachana na zenu. Badala ya kuwarudisha hotelini au kuwakimbiza Bamburi, iliko Haller Park, fuateni njia ambayo mji wenyewe uliifuata. Kutoka eneo la ngome na Treasury Square hadi Moi Avenue, ambayo wazee wetu waliijua kama Kilindini Road, mpaka Kilindini kwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 palilazwa reli nyembamba kwenye mitaa hii, na juu yake vigari vidogo vya abiria, vikisukumwa na wanaume waliokimbia nyuma kwa miguu. Bwana mkubwa ameketi chini ya kijiturubai, anakwenda kupokea barua za meli Kilindini. Mwelezeni mgeni hayo mkiwa mmekwama kwenye foleni ya tuktuk, nanyi mtaona foleni inapungua ukali.

Pembe za ndovu mtapita chini yake, na picha mtapiga, siwezi kuwazuia. Semeni ukweli wake: ni za alumini, zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza, na pembe nne zikikutana zinafanya herufi M. Lakini semeni pia zipo kwenye barabara hii kwa sababu gani. Mgeni wa kifalme alipita barabara hii. Meli ilikuwa Kilindini, mji ulikuwa upande wa pili, na hii ndiyo iliyoviunganisha.

Haller Park mtaniuliza. Naipenda. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi nyeupe isiyoota hata jani, akaleta na jongoo wa kusaga majani makavu kuwa udongo, na leo ni msitu. Pale ndipo kiboko mdogo Owen, aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alipojishikiza kwa kobe mkubwa aitwaye Mzee. Ni hadithi ya siku nzima, na inastahili siku yake. Mgeni akiwa na siku mbili, hiyo ndiyo ya pili. Akiwa na moja, muuzie siku ya pili.

Saa kumi, Likoni, kwenye mkondo wa Kilindini. Vusheni wageni kwa feri kwa miguu, kwenda na kurudi. Mwenye miguu halipi, na feri ni dakika chache tu. Najua kuna wenye makampuni wanaoona hili ni hatari au ni aibu. Mimi naona ndipo mgeni anapokutana na Mombasa inayofanya kazi: mafundi, wanafunzi, akina mama na ndoo za samaki, baiskeli, mikokoteni, malori. Sheria zangu ni tatu na sizipunguzi. Mgeni asimame pamoja na watu na si mbele ya watu. Simu na mkoba viwe kifuani. Na hakuna kumpiga mtu picha usoni akiwa amechoka anarudi nyumbani. Mkiwa katikati ya maji, waonyesheni meli ya makontena ikija kutoka baharini, jinsi feri zinavyoingoja ipite, ghorofa kwa ghorofa, karibu mno na vichwa vyenu. Sasa ule utupu wa Bandari ya Kale wa asubuhi unaeleweka bila nyinyi kusema neno. Mimi hunyamaza hapo, na karibu kila mara mgeni mwenyewe ndiye anayeunganisha.

Mkondo huu una msiba wake pia. Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Kuna familia mjini humu zilizopoteza zaidi ya mtu mmoja siku ile. Mgeni akiuliza, mjibuni kwa heshima. Asipouliza, si lazima mlitaje mkiwa juu ya maji.

Mkirudi upande wa kisiwa, nendeni Mama Ngina, pale ufukweni. Mibuyu, upepo, dafu, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mlango wa Kilindini uko mbele yenu, meli zinaingia na kutoka. Hapo mwacheni mgeni akae. Msianze historia mpya, nawasihi. Kuna mwenzetu mmoja hufungua somo la Vasco da Gama saa kumi na mbili jioni, watu wameshatoa viatu. Vasco da Gama alikuja Aprili 1498, akaona hapakaliki, akaenda zake Malindi. Basi na yeye aachwe aende.

Mambo mawili ya vitendo, kisha nawaachia.

La kwanza, maji. Kabla ya siku ya ziara, tazameni jedwali la kujaa na kupwa. Kila siku maji yanachelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana, kwa hiyo ratiba iliyofaa Jumatatu haitafaa Ijumaa. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ni kubwa: chini ya ngome mwamba wote unabaki wazi, wavuvi wanatembea palipokuwa na maji asubuhi. Mkilijua hilo mnaweza kumsimamisha mgeni ukutani saa ile ile. Na wale wa meli za kitalii wanaotua Kilindini kwa saa chache, hao geuzeni siku nzima kinyume: wameshafika bandari ya pili, wapelekeni ya kwanza, na waambieni kwa nini meli yao haikuweza kutia nanga mbele ya Fort Jesus. Hakikisheni mnawarudisha mapema. Meli haimsubiri mtu aliyekwenda kununua kikoi.

La pili, maduka. Najua kamisheni ndiyo inayolipa kodi ya nyumba kwa wengi wenu, na sitasimama hapa nikajifanya malaika. Lakini duka liwe moja, liwe mwisho wa Mji wa Kale, na mgeni aambiwe kabla hajaingia kwamba mwenye duka atakupa kitu kidogo akinunua. Nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka, waziwazi, na wananunua vile vile. Wanachokichukia ni kugundua baadaye. Muongozaji anayepitisha watu maduka manne asubuhi moja ameiba saa mbili za siku ya mtu ambaye hatarudi tena, na jua la saa tano likimkuta bado hajafika Leven House, Kilindini hataiona kamwe.

Nimemaliza. Maswali niulizeni sasa, ila lile la bahshishi mtaniuliza nje, maana wazee wako hapa wanasikiliza.